Taka za Mwalo ni za Nani?



Leo twende mwaloni. Hata kama wewe ni mkulima na huna mtumbwi, twende pamoja. Mwalo wa wavuvi ni mahali ambapo watu wengi hukaa kwa kubanana, katika vibanda vya muda, juu ya ardhi ambayo si ya yeyote kati yao. Mahali pa namna hiyo pako pia kwenye machimbo ya dhahabu na kwenye kambi za vibarua wa mashamba. Huenda na kwenu pako.

Mimi ni mganga msaidizi, kijana wa miaka 26. Zahanati yetu iko juu ya kilima. Chini yake, ukingoni mwa Ziwa Victoria, iko kambi ya wavuvi wa dagaa. Sitaitaja kwa jina. Watu wake ni jirani zangu, na jirani hatangazwi gazetini.

Vibanda vya pale ni vya nguzo, mabati na maturubai. Vingine ni vya nyasi. Dagaa wakipungua upande huu, mvuvi hung'oa mabati yake, hukunja turubai, hupakia godoro na sufuria mtumbwini, akahamia kisiwa kingine. Jioni ile ile kibanda kimesimama huko. Vitu vyake vyote huondoka naye. Kitu kimoja tu hukiacha nyuma, nacho ni taka.

Anayekuja kujenga mahali pale huzikuta. Husema, "Hizi si zangu." Kisha hutupa zake juu ya zile. Ukimwuliza mwenye kibanda cha pili, naye husema hivyo hivyo. Na kweli, kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Mwaka wangu wa pili kazini, mvua za masika zilikuja ghafla. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani. Walinyeshewa siku tatu mfululizo, wakaoza. Wenyewe waliwasukuma kwa beleshi hadi nyuma ya vibanda vya mama lishe, wakarudi ziwani kutafuta wengine. Baada ya siku kama tisa, nzi walikuwa wengi kiasi kwamba sahani ya ugali ilionekana kama imenyunyiziwa kunde.

Wiki ile daftari langu la wagonjwa lilijaa watoto wa kuhara kutoka mwaloni. Jioni moja mama mmoja alipanda kilima na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi 14. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilipofinya ngozi ya tumbo lake, ilibaki imesimama. Mama alikuwa amemnyima maji tangu asubuhi, kwa sababu jirani alimwambia kuwa maji huongeza kuhara. Nilijaribu nilivyoweza. Tulimpakia mtumbwini kumpeleka kituo cha afya. Alifariki njiani, kabla ya kuiona nchi kavu.

Siwezi kukuambia, ndugu msomaji, kwamba nzi fulani ndiye aliyemuua mtoto yule. Kuhara kuna njia nyingi: maji ya ziwa yasiyochemshwa, mikono isiyonawiwa kwa sabuni, watu kujisaidia vichakani. Lakini nzi ni njia mojawapo. Na nzi wale tulikuwa tukiwafuga wenyewe, kwa dagaa wetu wenyewe.

Nzi huishije?

Tumtazame nzi kwa makini, maana ukimjua utajua siku ya kuzoa taka.

Nzi jike hutafuta kitu kibichi kinachooza. Matumbo ya samaki humfaa. Maganda ya ndizi humfaa. Kinyesi humfaa pia. Hapo hutaga mayai, zaidi ya 100 kwa mara moja, na hutaga mara kadhaa katika maisha yake. Mayai ni meupe na madogo sana. Katika joto letu hupasuka ndani ya siku moja.

Hutoka mabuu, wale wadudu weupe wanaojinyonganyonga, ambao wengi wetu huwaita funza. Mabuu hula uozo ule kwa siku nne, tano au zaidi. Wakishiba hawabaki pale. Hutambaa kutafuta mahali pakavu, wakajificha chini ya mchanga pembeni mwa jalala. Hapo kila mmoja hujivika gamba gumu la rangi ya kahawia, mfano wa punje ndogo. Hukaa humo siku chache, kisha gamba hupasuka na nzi mzima hutoka.

Tangu yai hadi nzi mwenye mabawa, katika nchi ya joto, ni siku 7 hadi 10 tu.

Nzi hana meno. Hawezi kutafuna. Akitua juu ya chakula kigumu hukitapikia mate yake ili kilainike, kisha hukinyonya. Mara nyingi hujisaidia hapo hapo. Miguu yake ina vinyweleo vinavyobeba uchafu wa mahali alipotoka. Basi kama alitoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, ameleta kinyesi hicho mezani. Ndivyo anavyoweza kueneza kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Wako pia nzi wanaopenda kutua kwenye macho ya watoto, na hao hueneza ugonjwa wa vikope.

Naye haishii kwenye kibanda chake. Huruka kilomita moja au zaidi. Hata sisi wa kilimani tulikula pamoja na nzi wa mwaloni.

Mbalamwezi ilitudanganya

Baada ya msiba ule niliomba mkutano. Mwenyekiti wa kitongoji alikubali, na watu walikuja. Niliogopa kidogo. Mimi ni kijana, na mbele yangu walikaa wazee waliovua tangu zama za taa za karabai. Niliwaamkia, nikaeleza habari ya nzi, nikaomba tupange siku ya kuzoa taka zote.

Walikubali bila ubishi. Wakachagua siku za mbalamwezi.

Uamuzi huo ulikuwa na akili yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na dagaa hawafuati taa. Wavuvi hupumzika, hushona nyavu, wengine huenda nyumbani kuona watoto. Basi mbalamwezi ndiyo nafasi ya watu. Mwezi ulipotimia, mbiu ilipigwa. Wanaume, wanawake na vijana walifagia ufuko wote. Nilifurahi sana. Nilipiga hata picha.

Baada ya wiki mbili nzi walikuwa wamerudi kama kwamba hatukufanya kitu.

Mzee mmoja mshona nyavu aliniita nilipopita. Akaniambia, "Kijana wangu, naona nzi hawakuhudhuria mkutano wako." Waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka, lakini niliumia.

Usiku nilichukua karatasi nikafanya hesabu. Nawe ifanye pamoja nami. Tangu mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni siku 29 na nusu. Nzi huhitaji siku 10. Gawanya 29 kwa 10. Utapata karibu 3. Maana yake, kati ya usafi mmoja na mwingine, nzi walipata nafasi ya kuzaa, kuzaa tena, na kuzaa mara ya tatu. Mwezi humpangia kazi mvuvi wa dagaa. Haumpangii nzi.

Sasa turudi kwa mabuu. Tulisema hukaa ndani ya uozo siku nne au tano kabla ya kutambaa kwenda mchangani. Ukizoa taka kabla ya siku hizo kwisha, unawabeba mabuu wote wakiwa bado ndani. Ukichelewa, unabeba taka tupu, na nzi wa kesho wamebaki chini ya mchanga wako. Ndiyo maana taka zinazooza zizolewe mara mbili kwa wiki. Sisi tulichukua Jumatatu na Alhamisi. Kutoka Jumatatu hadi Alhamisi ni siku tatu. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni siku nne.

Usafi wa mbalamwezi hatukuuacha. Siku hizo ni nzuri kwa kazi kubwa: kuchimba shimo jipya, kufyeka nyasi, kubomoa vibanda vilivyoachwa. Lakini si kwa matumbo ya samaki.

Nani azoe, na nani alipe?

Hapa tulikwama kwa muda mrefu kuliko pengine pote, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mzee yule mshona nyavu alinisimulia jinsi walivyokaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Watu kama milioni 2 walishiriki nchi nzima. Nilimwuliza kwa nini jambo hilo lilifaulu kijijini kwao. Akasema, "Kila mtu alichimba kwake." Basi hilo ndilo tunalolikosa mwaloni. Hapa hapana kwake. Mlango wa kibanda kimoja hutazama mgongo wa kingine. Huna ua, huna bustani, huna mahali pa kuchimba shimo lako. Taka ya mmoja ikitoka mlangoni tu, imekuwa ya wote. Na ya wote huzolewa kwa mpango na kwa fedha.

Mwanzoni tulisema kila kibanda kitoe mchango. Vijana wawili wakachaguliwa kuzoa, na mtu mmoja kutunza fedha. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili vibanda vingi vilikuwa vitupu, maana dagaa walihama. Waliohamia vibanda hivyo walisema mchango ulikwisha lipwa na waliotangulia. Mwezi wa tatu mtunza fedha naye alihama na dagaa. Sisemi aliiba. Sijui alikuwa na shilingi ngapi, kwa sababu hapakuwa na daftari. Kosa hilo lilikuwa letu sote, na langu kwanza, maana mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Vijana wazoaji walikaa wiki mbili bila malipo, wakaacha toroli katikati ya njia. Huwezi kuwalaumu.

Aliyetutoa pale ni bibi mmoja anayepika ugali na sato kwa wavuvi. Alisimama mkutanoni akiwa bado na mwiko mkononi. Alisema, "Nyinyi mnahesabu vibanda. Kibanda kinaweza kulala kitupu. Hesabuni mitumbwi. Mtumbwi ukifika asubuhi na dagaa, kila mtu anaujua ni wa tajiri gani."

Nyote mnajua kwamba kwa wavuvi tajiri ni mwenye mtumbwi, hata kama mfukoni hana kitu. Vibarua wake hubadilika kila mara. Yeye habadiliki upesi, na mtumbwi wake una namba. Tena yeye ndiye anayepata sehemu kubwa ya mauzo. Tulikubaliana mchango utoke kwa tajiri, kwa kila mtumbwi, siku ya mauzo. Kibarua hadaiwi. Mama lishe watoe kidogo, kwa kuwa nao wana maganda na mifupa.

Tufanye hesabu ya mfano. Ukitaka, badili tarakimu kufuatana na kwenu. Mwalo una mitumbwi 40. Kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 40,000. Mama lishe ni 10, kila mmoja hutoa shilingi 500. Hiyo ni 5,000. Jumla ni 45,000. Wazoaji ni wawili, na kila mmoja hulipwa shilingi 8,000 kwa siku ya kazi. Kwa siku mbili, wote wawili hupata 32,000. Zinabaki 13,000. Hizo ni za glavu, mabuti, fagio, na gurudumu la toroli, ambalo huharibika mapema kuliko unavyodhani.

Daftari lina safu nne: tarehe, aliyetoa, kilicholipwa, kilichobaki. Kila Ijumaa jioni husomwa kwa sauti mbele ya watu, pale wanapoanikia dagaa. Hasomi mwenyekiti wala sisomi mimi. Husoma mmoja wa wanafunzi wa darasa la kisomo cha watu wazima, kwa zamu. Mara ya kwanza mama mmoja alisoma polepole sana, na watu wakataka kumsaidia. Alikataa. Aliendelea hadi mwisho, na alipofika kwenye "kilichobaki" alisoma tarakimu ile mara mbili, kisha akamtazama mtunza fedha.

Jambo moja la sheria. Mkitaka kutoza faini kwa anayetupa taka ovyo, msijitungie faini mkutanoni. Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, nayo haina nguvu mpaka ikubaliwe na halmashauri ya wilaya. Faini isiyo na sheria wala stakabadhi ni kuwaonea watu, nao wataichukia kazi nzima.

Taka ziende wapi?

Kwanza zikusanywe mahali pamoja. Sisi tulikata mapipa ya zamani, tukaweka pipa moja kwa kila vibanda vinane. Pipa liwe na mfuniko, na likae juu ya mawe, si juu ya mchanga. Likikaa mchangani, mabuu hupata njia ya kutokea. Pipa likishamwagwa, parua ardhi pembeni yake na uzoe mchanga huo pia.

Shimo lichimbwe mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, wala zile zinazoweza kudhuru ukingo wa ziwa, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Usipime mita 60 kutoka pale maji yalipo wakati wa kiangazi. Mnakumbuka mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita kiasi yakaingia hadi vibandani? Waulize watu maji yalifika wapi, kisha pima kuanzia hapo kwenda juu. Na ukichimba ukakuta unyevu, fukia. Tafuta mahali pengine.

Shimo letu lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1 na nusu. Udongo uliotoka huachwa pembeni. Kila siku ya kuzoa, taka zikishamwagwa, hufunikwa kwa udongo wa unene wa sentimita 15 hivi, ukashindiliwa kwa miguu au kwa gogo. Kushindilia ni lazima. Nzi aliyetoka kwenye gamba lake anaweza kupenya udongo uliolegea. Shimo likikaribia kujaa, juu huwekwa udongo wa nusu mita. Mahali hapo pazungushiwe miba ili mbwa na korongo wasifukue, na watoto wasicheze.

Si kila taka iingie shimoni. Chupa za plastiki tunaziweka katika magunia, na mchuuzi wa chupa huzinunua mtumbwi wa mizigo ukija. Mifuko ya rambo imepungua tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ila mingine ya zamani bado inafukuka mchangani. Wavu mbovu usiutupe ziwani. Wavu hauozi, huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Usiuchome pia, maana moshi wake ni sumu. Betri za taa zilizokufa zisipasuliwe na watoto, kwa kuwa ndani mna risasi na tindikali. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake kidogo kidogo. Zihifadhiwe mahali pakavu hadi apatikane mnunuzi.

Kuhusu kuchoma moto, nasema kwa ukali kidogo. Ufuko una upepo. Vibanda vingine ni vya nyasi, na karibu yake pana madumu ya petroli ya injini. Choma karatasi na majani makavu tu, ndani ya shimo, siku isiyo na upepo, mtu akiwa amesimama hapo na ndoo ya maji mpaka moto uzime.

Dagaa wakinyeshewa, msiwasukume nyuma ya vibanda tena. Wale ambao hawajaoza, waanikeni upya juu ya chanja. Kama hawafai tena kwa chakula cha watu, wakikauka vizuri hununuliwa kwa chakula cha kuku. Waliokwisha oza waende shimoni siku hiyo hiyo, bila kungoja Alhamisi. Dagaa juu ya chanja hukauka upesi kuliko mchangani, na mvua ikija huwafunika kwa turubai moja. Chanja ni gharama, najua. Lakini karai moja la dagaa waliooza nalo ni gharama.

Makopo, vifuu na matairi yasiachwe yakikusanya maji. Mtumbwi mbovu upinduliwe. Mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda kuzaa katika vyombo vya namna hiyo. Homa hiyo ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi, kwa hiyo chandarua hatukiachi hata kama makopo yameisha.

Wazoaji wetu wavae mabuti na glavu, wanawe kwa sabuni wakimaliza, na wasiwe watoto. Mmoja akikatwa na bati au chupa, aje zahanati siku hiyo hiyo. Pepopunda haingoji.

Hapa naomba nijiseme na mimi. Siku moja, tulipokuwa katika kazi hii, mtoto wa miaka kama sita alikuja akichezea bomba la sindano. Alikuwa akirushia wenzake maji. Nilimwuliza amelitoa wapi. Akanionyesha kwa kidole: nyuma ya zahanati. Shimo letu la taka za tiba lilikuwa limevunjika mfuniko muda mrefu, nami nilikuwa nikipita karibu yake kila asubuhi. Mzee mshona nyavu alikuwepo. Safari hii hakucheka. Aliniuliza tu, "Na hili ni la nani?" Kesho yake tulitengeneza mfuniko wa zege wenye kufuli. Viwembe na sindano za mwaloni nazo siku hizi huletwa kwetu ndani ya chupa ngumu iliyofungwa.

Nzi hawajaisha. Bado kuna choo kimoja tu kwa safu mbili za vibanda, na shimo lake hutitia kwa sababu ya mchanga. Tutaliandikia hilo siku nyingine. Lakini Jumatatu na Alhamisi, saa 3 asubuhi, ringi ya gari hugongwa, na toroli hupita.

Na kama mtoto wako anahara leo, usingoje toroli. Usimnyime maji. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa, visiwe na kilima. Kama una pakiti ya dawa ya maji kutoka zahanati, hiyo ni bora zaidi. Pakiti moja kwa lita 1. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itakupa vidonge vya zinki, umpe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Ukiona macho yameingia ndani, au mtoto amelegea, au hawezi kunywa, au kuna damu katika choo, au anaharisha kama maji ya mchele, mlete mara moja, huku ukiendelea kumnywesha njiani. Nyumba yangu iko nyuma ya zahanati, yenye mlango wa bluu. Gonga hata usiku.